Mhuri uko shelfu ya 896.392: shajara ya mradi wa kuchekini, Moshi

Jumatano, 2 Julai 2025

Bosi amekubali. Amekubali kama mzazi anavyompa mtoto simu ili anyamaze, lakini amekubali. Nina shilingi 150,000, nina ruhusa hadi mwisho wa Septemba, na nina sharti moja: kelele zisiingie chumba cha kusomea.

Mradi wenyewe hauna maneno mengi. Mtu akifika maktaba yetu anachekini kwa simu yake, yaani anaweka mtandaoni kwamba yuko hapa, marafiki zake wanaona, na sisi tunampa kitu kidogo cha shukrani. Hela ya tangazo la redio hatuna. Bango la barabarani lina ushuru. Lakini mtu mwenye marafiki 800 Facebook akisema "niko maktaba", watakaoiona wameambiwa, tena wameambiwa na mtu wanayemjua.

Shida yetu si kwamba hatujulikani. Mji mzima wa Moshi unaijua maktaba hii, kama alama ya njia. "Ukifika maktaba, kata kushoto." "Konda, nishushe hapo maktaba." Bodaboda wa kijiwe cha kona wanaijua kuliko mimi, na wengi wao hawajawahi kuvuka geti. Niliwauliza wiki jana. Mmoja akasema alikuwa anadhani ni ofisi ya ardhi. Ndani nako wanaojaza viti ni wanafunzi na madaftari yao na mitihani yao ya miaka iliyopita. Wanatumia meza zetu na utulivu wetu. Vitabu vimesimama wima kwenye shelfu kama walinzi wa benki, hakuna anayevisemesha.

Ijumaa, 4 Julai

Siku nzima nimesoma waliotutangulia walipita wapi.

Mchezo huu ulivuma na Foursquare, programu ya Marekani iliyozinduliwa mwaka 2009 na Dennis Crowley na Naveen Selvadurai. Ukifika mahali unabonyeza, unapata pointi na beji, na aliyefika siku nyingi kuliko wote ndani ya siku 60 anavishwa umeya wa mahali hapo. Mtu anakuwa meya wa kinyozi wake. Meya wa duka la mikate. Mwaka 2010 Starbucks, wauza kahawa wa Marekani, waliwapunguzia mameya wa maduka yao dola moja kwenye kinywaji cha baridi, na mwaka huohuo Facebook wakaleta Places, kuchekini kwao wenyewe. Maktaba nazo ziliingia: New York Public Library, ile yenye simba wawili wa mawe mlangoni, iliposherehekea miaka 100 ya jengo lake kuu mwaka 2011 ilikuwa na beji yake ya Foursquare.

Ila kilichonikaa kichwani si beji. Mei 20 mwaka huo maktaba hiyo ilikesha na watu 500 ndani, milango imefungwa, wanacheza mchezo aliobuni Jane McGonigal. Simu mkononi, wanazunguka wakitafuta vitu 100 vya hazina ya maktaba, wakikipata kimoja wanaandika, na kulipokucha walikuwa na kitabu walichoandika pamoja. Wale hawakugawiwa zawadi getini. Walitafutishwa. Nimeliandika hilo pembeni kwa wino mwekundu.

Foursquare yenyewe si ya kutegemea. Mwaka 2014 walihamisha kuchekini kwenda programu nyingine, Swarm, na Desemba 2024 wakaifunga ile ya kutafutia mahali mijini. Hapa kwetu sijakutana na mtu anayeitumia. Tutakwenda na walipo watu: Facebook, Instagram na stetasi za WhatsApp.

Kanuni moja ya kukumbuka. Tangu Novemba 2014 Facebook walikataza kumpa mtu zawadi ili alaiki ukurasa, ila kumpa kwa sababu amechekini mahali waliacha iwe ruhusa. Kwa hiyo bango letu halitamwomba mtu alaiki chochote. Nilipomweleza bosi, uso ukamchangamka kwa mara ya kwanza. Bosi anapenda sana mahali penye kanuni.

Jumatatu, 7 Julai (Sabasaba)

Sikukuu, nimebaki nyumbani na baridi la Moshi la mwezi wa saba, blanketi magotini, nasafisha ukurasa wa mahali petu Facebook.

Nilidhani hatuna. Tunazo tatu. Watu wakichekini mahali pasipo na ukurasa, Facebook hujitengenezea wenyewe, usio rasmi, na kila mmoja ameandika alivyojua. Wa kwanza ni "Maktba". Wa pili jina ni sahihi lakini pini yake ya ramani imekita stendi ya mabasi. Wa tatu unaitwa "Maktaba" tu, na ndio wenye watu wengi kuliko zote, nikafurahi, nikafungua picha: mishkaki, ndizi za kuchoma, chupa za bia, watu wamekumbatiana.

Ni baa. Kuna baa ya mtaani imejiita Maktaba, ili mtu akipigiwa simu kutoka nyumbani aseme niko maktaba na asiwe amesema uongo. Nimecheka peke yangu hadi mdogo wangu akaja kuniangalia. Kisha nikaacha kucheka, maana watu wanaotafuta jina letu watachagua wenye watu wengi, ndivyo walivyozoea. Nimeomba kuudai ule wa kwanza, nirekebishe jina, na ule wa stendi uunganishwe nao. Wa baa nimeuacha, ni mali ya watu.

Jumatatu, 14 Julai

Uzinduzi. Bango la A3 limebandikwa getini saa mbili asubuhi: CHEKINI HAPA UPATE BANDO LA SHILINGI 1,000.

Saa nne kasoro bodaboda wa kwanza alifika. Hakuzima pikipiki. Aliegemea mguu mmoja chini, akatoa simu kwenye koti, akabonyeza, akanionyesha.

"Dada, tayari. Naomba bando."

"Umeingia ndani?"

"Kwani mmeandika kuingia?"

Nikasoma bango langu upya. Hapa ni hapa. Nikamtumia bando. Akapiga picha ya bango, nadhani akaituma kwenye grupu la kijiwe, maana dakika kumi hazikuisha kabla hawajapanga foleni, injini zinanguruma, moshi unaingia madirisha ya chumba cha kusomea, na bosi amesimama ngazini mikono nyuma. Mmoja alichekini akiwa soko la Mbuyuni, akampa mwenzake simu aje kuonyesha. Nilijua kwa sababu mwenye simu alipiga hapohapo kuuliza kama nimeshatuma.

Hadi saa saba mchana nilikuwa nimetuma mabando 38. Kati ya wote hao aliyeingia ndani ni mmoja, naye alikuwa anauliza choo kiko wapi.

Nimebandua bango.

Jioni dada wa kaunta alinipa kikao cha faragha nje, karibu na bomba. Akasema, bila ukali, "Mdogo wangu, ukiweka mahindi mlangoni usishangae kuona kuku." Halafu akanionyesha daftari nililoandikia namba za simu za watu 38, limelala wazi juu ya kaunta, kila apitaye anasoma. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inafanya kazi tangu Mei 2023. Namba ya simu ya mtu ni taarifa yake, hukusanyi bila kumwambia ya nini na hulazi kaunta. Nimezichana zile karatasi vipande vidogo. Hatuchukui namba tena, kwa hiyo mabando yamekufa yenyewe.

Salio: 108,000, ukitoa na hela ya kuchapa bango.

Jumamosi, 19 Julai

Mjumbe mmoja wa kamati ya marafiki wa maktaba amependekeza droo: kila anayechekini aingizwe, mwisho wa mwezi mmoja ashinde simu. Inavutia, lakini bahati nasibu ya kutangaza biashara au huduma inahitaji kibali cha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, hata kama tiketi ni bure. Kwa simu moja ya laki na nusu? Tumeachana nayo. Zawadi yetu itakuwa ya kila anayestahili, au haipo.

Jumatano, 23 Julai

Leo sitaki kuandika utani.

Kuna binti anayesoma uuguzi, huja mchana karibu kila siku, hukaa meza ya dirisha la kaskazini. Yeye alipenda mradi hata bila zawadi. Alichekini saa nane, na picha ya daftari lake na dirisha. Saa tisa na nusu alikuja kwangu akanong'ona: "Dada, kuna mkaka yupo getini. Nimemblok kila mahali. Sijui ameona kwa nani."

Nilichungulia. Kijana wa kawaida, shati limenyooshwa, anatazama mlango. Sikujua la kufanya. Aliyejua ni babu mlinzi. Alimwendea polepole, akamwamkia yeye kwanza ingawa ndiye mkubwa, kisha akamuuliza amekuja kuazima au kurudisha. Kijana akasema anamsubiri mtu. Babu akamwambia, "Hapa hatusubirishi watu, baba. Hapa tunasoma. Ingia nikutafutie kitabu, au nenda salama." Akasimama hapohapo, mikono juu ya fimbo, mpaka yule akaondoka. Binti tulimtolea mlango wa nyuma, dada wa kaunta akampeleka hadi kwenye daladala.

Mimi ndiye niliyebandika karatasi ya kumwambia mtu atangaze alipo, dakika aliyopo. Foursquare na wenzake wote walijengwa juu ya hilo, niko hapa sasa hivi, na mimi nililichukua kama lilivyo.

Kuanzia kesho karatasi inasema: posti UKISHATOKA. Piga picha ya kitabu, meza, dirisha. Si ya uso wako wala wa mwenzako. Asiyetaka kuposti asiposti. Bosi amesoma, amechukua kalamu, ameongeza chini kwa mkono wake: "Wala usiseme unakuja lini tena."

Alhamisi, 31 Julai

Kijana wa kidato cha tatu, soksi zimeshuka, amesimama mbele ya kaunta dakika nzima ndipo akauliza: "Shikamoo dada. Sisi tusio na simu tunachekini vipi?"

Swali hilo lilipaswa kuwa la kwanza, siku ya kwanza. Zaidi ya nusu ya viti vyetu hukaliwa na sare za shule, na shuleni simu hairuhusiwi. Wa msingi ndio kabisa. Facebook na Instagram wenyewe hawamtaki aliye chini ya miaka 13. Nimefanya mradi wa kuwatangazia watu maktaba kwa kuwaacha nje watu wenye maktaba.

Nimeenda kwa fundi mihuri jirani na stendi. Nilitaka neno MAKTABA na mlima juu yake. Shilingi 25,000, nikamlilia ikawa 22,000. Jioni akanipa. Herufi safi. Mlima, sasa. Kibo amekitoa mviringo mno na theluji ameiweka kama mfuniko, na kile kiwingu pembeni kimekuwa mkono wa kushikia. Nilimwonyesha dada wa kaunta akasema, "Chungu cha mtori hicho." Ndivyo kinavyoitwa tangu saa hiyo. Sina hela ya kuchonga kingine.

Kadi tumekata za manila, duara kumi kila moja. Mhuri mmoja kwa siku. Mwenye simu na asiye na simu, kadi ni ileile.

Ijumaa, 8 Agosti (Nanenane)

Tumefunga. Nimekata manila.

Jumanne, 12 Agosti

Nimefungua shajara kutafuta salio nikakutana na wino wangu mwekundu wa tarehe 4 Julai. Walitafutishwa.

Mhuri umekaa kaunta wiki nzima, na watu wanafanya walichofanya bodaboda, tofauti ni kwamba wanafunzi wameingia hatua tano zaidi. Wanagongewa, wanaenda kwenye madaftari yao. Leo asubuhi nimeuchukua mhuri na kisahani chake cha wino, nimeufunga kwa kamba usitembee, nimeuweka mwisho kabisa wa ukumbi, shelfu ya 896.392. Kaunta kumebaki karatasi: MHURI UKO SHELFU YA 896.392.

Kwa asiyejua namba za Dewey: 800 ni fasihi, 896 ni fasihi ya lugha za Afrika, na .392 ni Kiswahili. Melvil Dewey alichapisha mpango wake mwaka 1876 huko Marekani, na hadi leo Waingereza wana 820 nzima, Wamarekani 810 nzima, na lugha nyingi za bara letu zimebanwa ndani ya 896, Kiswahili kikapewa chumba cha uani, nyuma ya nukta. Nimemweleza hivyo yule wa soksi. Akasema, "Kwa hiyo sisi ni wapangaji?" Ataandika huyu.

Kufika 896.392 lazima upite dini, sheria, kilimo, upishi. Kazi yangu ilikuwa kukaa na kuangalia.

Wanafunzi walikimbia, wakapotea, wakaulizana, wakagonga, wakarudi. Wawili walirudi na kitabu mkononi kana kwamba kimewanasa kwenye shati. Lakini niliyemwangalia zaidi ni fundi cherehani mmoja wa Double Road, mzee wa makamo, futi bado iko shingoni. Aliona stetasi ya mpwa wake, akaja kwenye mapumziko ya mchana kuona hicho chungu. Alifika kwenye shelfu, akauona mhuri, akaunyanyua, akaugeuza kuangalia ulivyochongwa, mtu wa ufundi. Akauweka. Mkono mwingine ulikuwa umeegemea vitabu, akavuta kimoja ili apate nafasi ya kadi. Akakifungua katikati. Akapandisha miwani juu ya paji la uso, akakisogeza karibu na pua. Akahamisha uzito mguu huu, mguu ule. Aliguna mara moja, kile kicheko cha puani. Nilitazama saa: dakika 25 amesimama, futi inaning'inia, mtu anampisha kushoto na kulia.

Akaondoka na kitabu. Kadi yake ameiacha juu ya shelfu, haina mhuri.

Jumamosi, 16 Agosti

Sasa kadi ikijaa mtu apate nini? Nimejifunza kuuliza kwanza. Nimepita meza kwa meza na daftari.

Kalamu, walisema wachache kwa adabu. Soda. Mmoja alisema cheti, na sura yake haikuwa ya mzaha. Watu wazima walitaka kusamehewa faini za kuchelewesha vitabu, na mimi nililiona hilo ni dhahabu, nikakimbia nalo ofisini. Bosi alilizima kwa sentensi moja: faini ikishaandikwa kwenye stakabadhi si mali yangu wala yako. Sawa.

Lakini jibu lililorudi meza baada ya meza, wanafunzi wa chuo, wa sekondari, mwalimu mstaafu, lilikuwa kitu nilichokipita kila siku. Kiti cha soketi.

Ukumbi wetu una viti 44 na soketi mbili zinazofanya kazi, zote ukutani upande wa dirisha. Watu wanafika saa moja na nusu asubuhi kugombea viti viwili. Nimeona mtu ameweka mkoba kiti cha soketi na kwenda kunywa chai hadi saa nne. Hakuna bando wala soda inayoshindana na pahali pa kuchajia mbele ya dirisha ambalo, mawingu yakipenda, linakuonyesha Kibo.

Kwa hiyo umeya umerudi, kwa mlango wa uani. Mwenye kadi iliyojaa anapewa kiti kimojawapo kwa siku mbili anazochagua, saa tatu hadi saa saba. Cha pili kinabaki cha kugombea kama zamani, wasije wakatuchomea ukumbi. Tumeandika kwa chaki nyuma ya kiti: MEYA. Gharama: chaki.

Jumanne, 26 Agosti

Mihuri bandia imeingia sokoni.

Dada wa kaunta aligundua. Kadi ya kijana mmoja imejaa ndani ya siku sita, na chungu cha mtori katika mihuri minne kina mkono upande wa kushoto. Wa kwetu uko kulia. Nilimwita. Hakukana hata kidogo, nadhani alikuwa anasubiri kusifiwa. Amechonga kiazi. Kiazi mviringo, kimekatwa nusu, herufi zimechongwa kinyume kwa wembe, A zote tatu zimesimama. Aliniletea kesho yake, kimeanza kunyauka na kunuka.

Hata wenye simu zao za kisasa walilipitia hili: Foursquare mwaka 2010 walilazimika kuweka kipimo cha kuhakiki kama simu iko kweli mahali mtu anapodai yuko, kwa sababu watu walikuwa wanajivika umeya wakiwa kitandani. Sisi tumeweka wino wa rangi tofauti kila siku, dada wa kaunta anachagua asubuhi na hamwambii mtu, hata mimi. Kadi ya kiazi imefutwa. Kijana ameanza upya, na nimemwonyesha shelfu ya 760, michoro ya kuchonga na kuchapa. Kiazi bosi amekichukua. Kiko ofisini kwake kwenye kisahani, amesema ni kielelezo.

Umeme ulikatika leo kutwa. Meya wa leo alikaa kwenye kiti chake hadi saa saba, laptopu imezima, hakukubali kuhama.

Jumatano, 3 Septemba

Upande wa mtandao, ambao ndio ulikuwa mradi, unaenda kwa njia ambayo sikuipanga.

Kuchekini Facebook kumefifia. Watu wanaposti stetasi ya WhatsApp: dirisha, kitabu, kadi, na hasa kile chungu. Inadumu saa 24 inapotea, wanaoiona ni wale tu mliohifadhiana namba, na kwa suala la binti wa uuguzi hilo linanituliza kuliko ukurasa ulio wazi kwa kila mpita njia. Hasara ni kwamba mimi siwezi kuhesabu. Siioni. Nasikia tu mtu anapofika na kusema "niliona kwa shemeji". Bosi anataka namba za ripoti na mimi nina mashemeji.

Mama anayeuza vitumbua nje ya geti naye ameposti. Yupo pale tangu kabla sijaajiriwa, ameona kila anayeingia na kutoka. Amepiga picha ya geti na beseni lake mbele, ameandika: NIPO MAKTABA, VITUMBUA MOTO. Akaniuliza kama hiyo inahesabika.

"Inahesabika mama, ila mhuri uko ndani."

"Na beseni?"

Babu mlinzi alishika beseni. Aliingia na khanga yake mabegani, kandambili mkononi, nikamwambia avae tu. Hakuulizia 896.392. Aliuliza kama tuna kitabu cha kuku, maana kideri kimemmalizia kuku wake wote huko kwake Pasua isipokuwa jogoo. Tunacho, 636.5, kina ratiba ya chanjo. Si mwanachama bado, kwa hiyo alisomea hapohapo, akanakili ratiba nyuma ya risiti ya unga, ya siku ya saba, ya siku ya 21, na ile ya kurudia kila miezi mitatu. Alipotoka vitumbua vilikuwa vimepungua na babu alikuwa na chenji kwenye kofia. Mhuri alisahau. Ni wa pili huyu baada ya fundi, na naanza kuona kwamba anayesahau mhuri ndiye niliyekuwa namtafuta.

Ijumaa, 12 Septemba

Darasa la saba wamemaliza mtihani jana, leo ukumbi umefurika. Nikiandika kwenye ripoti kwamba wameletwa na mradi nitakuwa mwongo. Wameletwa na uhuru.

Ninachoweza kusema kwa rejesta ya kuazima: shelfu ya Kiswahili, ambayo Juni nzima ilitoka vitabu vinne, Agosti imetoka 31. Kilimo nayo imeamka, nadhani kwa sababu iko njiani. Shelfu ambazo haziko njiani zimelala vilevile. Dada wa kaunta anasema basi tuhamishe mhuri kila mwezi. Sasa uende 500, sayansi, upitie upande wa pili. Wazo lake ni zuri kuliko yangu yote na nimeliandika kwa jina la cheo chake.

Bosi aliuliza kama Facebook bado tunaihitaji. Nimejibu ndiyo, kwa jina na pini sahihi, ili anayetuona kwa shemeji ajue pa kushuka. Zawadi za kuchekini huko hapana, tumemaliza.

Jumamosi, 20 Septemba

Hesabu: mabando 38,000, bango 4,000, mhuri 22,000, manila, wino rangi nne na chaki 27,500. Salio 58,500, nimeomba lirekebishe soketi ya tatu, ile iliyokufa karibu na magazeti. Fundi umeme anakuja Jumanne.

Facebook wamekubali kuunganisha kurasa, pini imetoka stendi imerudi kwetu. Ule wa baa upo palepale, na bado una watu wengi kuliko sisi.

Saa kumi jioni simu ya kaunta ililia. Ni mwenye baa, sauti ya muziki nyuma. Anasema kuna mwanafunzi wa chuo amefika kwake na kadi ya manila, anawauliza wahudumu shelfu ya 896.392 iko wapi.

"Umemwambiaje?" nikamuuliza.

"Nimemwelekeza kwenu. Nimemwambia toka hapa, nyoosha, ukiona mama wa vitumbua kata kushoto."